Seli Zangu Hazifi

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maabara katangaza: nafasi ya kudumu ni moja, nasi tuko wawili, mimi na mwenzangu wa maabara ninayemwita Miwani. Atachagua Ijumaa. Kazi yenyewe: kumulika seli shina za kiinitete cha panya kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kuijeruhi DNA yao, kisha kutazama zinavyoitengeneza. Hizi ndizo seli zinazozaa mwili mzima, kwa hiyo DNA yao huilinda kama mboni ya jicho. Zikishindwa kuitengeneza, hufa, au huacha kuwa seli shina, kuliko kurithisha kosa. Zina heshima zao.

Nimemwambia mke wangu kazi nimeshapata. Naye kamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Ijumaa kunipongeza.

Jumanne, 5 Machi

Tumemulika. Miwani dakika moja, mimi robo saa. Mwenda pole hajikwai, lakini kazi pia hapati. Halafu yeye hufunua kila sahani ya seli kabla ya kuiweka chini ya taa. Mimi sifunui. Vumbi je?

Jumatano, 6 Machi

Seli za Miwani nusu zimekufa. Zangu zote hai, tena zimenawiri! Nilijua nina mkono. Miwani akauliza kama nilifunua vifuniko. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akaanza habari za plastiki na mionzi, nikaenda zangu kunywa chai.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu kachungulia darubini. Kasema hajapata kuona seli zinazojitengeneza hivi. Kesho asubuhi nirudie mbele ya wageni. Mke kanipigia pasi shati huku anaimba. Hapo ndipo nikaogopa. Nikiikosa hii, nitamtazamaje?

Ijumaa, 8 Machi

Niliweka sahani, nikashika swichi. Mkuu akauliza kifuniko cha nini. Nikasema kinazuia vumbi. Akasema kinazuia na mionzi. Akakifunua mwenyewe, akawasha taa robo saa ileile. Jioni tukachungulia: seli zote zinaelea, maiti. Mgeni mmoja alicheka mpaka akatafuta kiti.

Nafasi kapewa Miwani. Mkuu akaniambia kwa upole nijifunze kwa seli: kosa lisilotengenezeka halipelekwi mbele. Kumbe Miwani aliniombea, nibaki mwezi mmoja, kuosha sahani.

Nyumbani mama mkwe keshakalia kiti changu. Akauliza cheo. Nikasema mkuu wa usafi. Akafurahi sana. Mke alijua. Iliniuma.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, na kosa nimeliona. Seli zangu zilikuwa nzima wiki nzima. Zimekufa siku ile ile Mkuu alipozifunua. Nani mwenye makosa hapo?

Jumatatu naanza upya. Kifuniko juu ya sahani, na kingine juu ya kifuniko. Mama mkwe alikuwa anafunga mizigo. Nimemwambia asiondoke, wiki ijayo napandishwa cheo tena.