Inchi Mbili za Kukulia

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa. Madam Veronika, mkuu wa sekondari yetu hapa Ilula, kaniita ofisini saa mbili asubuhi. Mahafali ya kidato cha nne ni tarehe ishirini. Mimi nishone sare za kwaya, watu ishirini na wanne, nusu wasichana, nusu wavulana. Mwanakhamisi wa ng'ambo ya barabara ashone za skauti. Fundi ambaye nguo zake zitakaa vizuri siku hiyo ndiye atakayeshona sare za shule nzima Januari. Shule nzima! Miaka kumi na tisa niko kwenye cherehani hii, natia viraka suruali za wauza nyanya, na leo naitwa ofisini.

Kanikabidhi majora ya kitambaa cha buluu. Kasema hakuna kingine, kikiisha kimeisha. Kasisitiza nimpime kila mtoto upya. Nikaitikia sawa, Madam.

Sipimi. Vipimo vyao ninavyo kwenye daftari, niliwapima walipojiunga na kwaya, Februari mwaka jana. Mwanakhamisi atapoteza siku nne akizunguka na futi shingoni. Mimi naongeza inchi mbili kila mahali. Kila mzazi wa hapa akileta mtoto anasema weka na ya kukulia. Marehemu baba aliyenifundisha kazi aliweka mbili, na mimi naweka mbili. Sketi zote nimeshazikata leo hii.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemaliza kukata suruali na mashati. Nimechungulia kwa Mwanakhamisi. Kamsimamisha skauti mmoja mlangoni, anampima mguu kwa mara ya pili. Nimemhurumia.

Jioni nimepata aibu kidogo. Niko ndani natia vifungo, nikasikia mtu anapiga hodi uani kwa sauti nzito, sauti ya mzee wa kanisa kabisa. Nikasimama, nikajibu karibu, shikamoo mzee. Sauti ikajibu marahaba, baba. Akaingia Mathew, mwanangu wa kumzaa, naye yumo kwenye kwaya hiyo hiyo, kabeba ndoo ya nyanya. Mama Mathew alicheka mpaka akakaa chini. Nimemuuliza kijana amekuwa na sauti hiyo tangu lini. Kasema tangu Pasaka. Tunakula meza moja kila siku.

Jumatano, 10 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nimepeleka nguo shuleni wajaribu. Wasichana wakatangulia. Sketi zinafagia sakafu. Mikono imepotelea kwenye mikono ya mashati. Nikafungua daftari, nikawaangalia, nikarudi kwenye daftari. Wasichana hawa hawajaongezeka hata kidogo tangu mwaka jana. Wamesimama pale pale, wakubwa, wametulia, wananitazama kama mama zao wanavyonitazama nikichelewesha vitenge.

Kisha wavulana. Mungu wangu. Suruali zimeishia katikati ya muundi. Mashati hayafiki kiunoni. Na huyu Malimi, kijana wa wafugaji kule Usangu, anayekaa bweni, daftari linasema futi tano na inchi moja. Nimemtazama nikaanzia magotini na bado nikawa napanda. Alinyanyua mkono ajikune kichwa, shati likachanika mgongoni kutoka juu hadi chini. Darasa zima wameangua kicheko. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilibaki nimeduwaa. Nimepima mbao, nimepima vitambaa, nimepima maharusi, sijawahi kuona kitu kinachoongezeka inchi sita bila mtu kukigusa.

Madam alikuwa mlangoni. Kauliza kama nilipima. Nikasema kitambaa kimelowa maji kikasinyaa.

Alhamisi, 11 Septemba

Mke wangu ni nesi wa zahanati, na leo nimekumbuka kumtumia. Alikuwa anamenya viazi. Nimemwomba aniambie tarehe ambayo watoto hawa wataacha kukua, mwezi tu unatosha, ili nikate nguo siku ya pili yake. Kasema hakuna tarehe, Baba Mathew, mwili haupokei barua ya Madam.

Ila kanieleza mambo, nami nimeyaandika yote. Wasichana hutangulia. Wengi wao hurefuka kwa kasi mapema, na wakifika miaka kumi na minne, kumi na mitano, urefu unakaribia kwisha. Wavulana huchelewa kuanza na huchelewa kumaliza, wengi kumi na sita, kumi na saba, wapo wanaosogea hadi baada ya hapo. Na hata urefu ukiisha, mabega na kifua vinaendelea kutanuka polepole. Kila mmoja na saa yake, na anayechelewa si mgonjwa.

Na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini: mwili haukui wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia. Halafu miguu na mikono. Kiwiliwili hufuata nyuma. Ndiyo maana kijana anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa, nyayo zake zimeshafika ukubwani na yeye bado yuko njiani. Nimekaa jikoni na hilo jambo muda mrefu. Nani alipanga utaratibu huu? Hata mimi nisingeanza na viatu.

Viatu! Viatu vinatangulia! Basi mwenye kuona viatu leo anajua suruali ya Januari. Mwanakhamisi hajui hili.

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Shuleni siwezi kwenda kupima viatu, Madam ananiangalia. Lakini Ijumaa vijana wengi wa sekondari wanaswali msikiti ule wa karibu na stendi, na viatu vyote wanaviacha nje, vimepangwa vizuri ngazini. Nilifika watu wakiwa ndani. Nikachuchumaa na futi yangu na daftari. Nimepima jozi saba. Zote zinatisha. Kulikuwa na raba moja namba arobaini na nne, nikaiinua juu niitazame kwenye mwanga, maana nilitaka kuamini.

Mkono ukanishika kola. Mzee Ahmadi, anayetunza msikiti. Waumini walishaibiwa viatu mara mbili mwezi uliopita, na mimi hapa, Didas, Mkatoliki wa kigango kile cha juu, nimechuchumaa ngazini Ijumaa mchana na raba ya mtu mkononi. Nikaeleza kwamba nyayo hutangulia kukua. Mzee akaniuliza kwa upole kama najisikia vizuri. Watu wakatoka, wakatuzunguka. Mwenye raba akajitokeza, ni mwanafunzi wa kidato cha pili, ana sura ya mtoto kabisa. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba atakuwa mrefu sana, asiogope. Akaomba kiatu chake.

Mbaya zaidi, Mzee Ahmadi ni baba mkwe wa Mwanakhamisi. Kabla sijavuka barabara mwanamke ameshajua. Kanipigia kelele kutoka kwake, kaka Didas, kama unahitaji kandambili sema, hapa zipo.

Jumamosi, 13 Septemba

Madam katuma ujumbe kwa Mathew. Habari za msikitini zimemfikia. Nguo za kwaya zikikaa vibaya tena, hata kiraka cha shule hiyo nisahau.

Asubuhi nimemwomba Mathew asimame mlangoni nimpime. Hakutaka. Siku hizi hapendi kuguswa wala kuulizwa, anajifunika shuka hadi masikioni, anaoga saa nzima. Mama yake kasema nimwache, na yeye mwenyewe anaushangaa huo mwili wake, ni kama mtu aliyehamia nyumba ambayo bado inajengwa. Mwishowe kakubali. Nikapandisha futi kutoka kisiginoni. Ikanibidi niinue mikono. Ikanibidi nisimame kwa vidole. Kijana huyu nilikuwa namkata nywele kwenye stuli. Nikajifanya nahesabu.

Kanipita inchi moja na nusu. Futi hii imelegea, nitanunua nyingine Iringa mjini.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata akili. Wasichana wana inchi mbili zisizo na kazi. Wavulana wana upungufu. Nimekata kwa wasichana nikaunganisha kwa wavulana, kila suruali ina utepe chini. Pale ambapo haikutosha nimeweka utepe wa pili. Malimi ana tepe tatu. Nimemwambia Madam ni mtindo. Kazitazama suruali, akasema haya, tutaona.

Mathew kasema anaonekana kama kreti ya soda. Nimempuuza.

Alhamisi, 18 Septemba

Urefu tayari. Tatizo ni vifua. Nimepima upya, nimepima kwa futi kweli, mashahidi wapo. Lakini kitambaa kimebaki kidogo sana. Basi nikawaambia wavulana watoe pumzi yote, waishikilie nje, ndipo nikazungusha futi. Kila kifua kikapungua inchi mbili. Inchi mbili zile zile! Kitambaa kimetosha kabisa na vipande vya mifuko vimebaki. Mwanakhamisi bado anapiga pasi. Nimelala kidogo mchana, nilistahili.

Jumamosi, 20 Septemba

Mahafali.

Naandika kwa utulivu. Wazazi wamejaa, mahema mawili, muziki unapiga. Skauti wa Mwanakhamisi wameingia kwa gwaride, hakuna mkunjo hata mmoja, kila kola mahali pake. Halafu kwaya yangu. Wasichana safi. Wavulana nao, na tepe zao, kwa mbali wamependeza. Mama mmoja nyuma yangu kauliza fundi ni nani. Niligeuka, nikakohoa.

Wasichana wakaanza. Wavulana wamesimama kimya, wanasubiri zamu yao. Mwalimu akanyanyua mkono. Wavulana kumi na wawili wakavuta pumzi kwa pamoja.

Sikuwa nimelifikiria hilo la kuvuta pumzi.

Kifungo cha kwanza kilikuwa cha Malimi, kikampata mpiga picha. Vilivyofuata sikuvihesabu. Kimoja kiliruka hadi meza kuu, kikatua kwenye sahani ya korosho ya mgeni rasmi. Watu wameshika midomo. Nikatafuta pa kutokea, lakini njia ilizibwa na viti.

Na sasa naandika kitu ambacho sitamwambia mtu. Hawakunyamaza. Mashati wazi, vifua nje, wameimba. Ile sauti ya chini ilitoka kwao ikapita kwenye miguu ya kiti changu. Wale ni watoto. Juzi tu walikuwa wanakimbilia mabasi kuuza visado vya nyanya kwa sauti za kitoto. Kisha Mathew akasogea mbele akaimba peke yake, na sauti ile niliyoiamkia uani ikajaa hema lote, haikutetemeka, na mikono yake mirefu hakujua aiweke wapi hivyo akaiacha tu. Nimelia. Nimelia kwa sauti, na Mama Mathew kanipa ncha ya kitenge chake. Nimewatazama mabinti waliokwisha kufika na vijana walio bado njiani, wote kwenye mstari mmoja, nikajiona nimekaa miaka kumi na tisa nikizungusha futi kwenye miujiza nikiandika namba tu.

Watu wamesimama kuwapigia makofi. Mimi nimepitia nyuma ya vyoo.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa Madam kanisubiri nje. Kasema waimbaji walikuwa wazuri sana. Kuhusu nguo hakusema, kasema tu shule nzima ni ya Mwanakhamisi. Nikaitikia sawa, Madam. Nimetembea hadi nyumbani bila kusalimia mtu. Nilikuwa nimeshawaambia shemeji zangu wote.

Saa kumi Mwanakhamisi mwenyewe kaja, na sambusa. Nikajua amekuja kunicheka. Hapana. Kasema wanafunzi ni mia nne, mikono yake ni miwili, na kwa mkasi hamna mtu Ilula anayenifikia. Tufanye wote. Yeye apime, mimi nikate. Sharti moja tu: nisiguse kitambaa mpaka Januari shule zikifunguliwa, anipe vipimo vya kila mtoto, maana kwa hawa miezi mitatu ni mingi mno. Kaniapisha, kaka Didas sema kweli. Mke wangu naye akasimama shahidi. Nimeapa kwa moyo wote. Yule mwanamke ana roho nzuri, nilikuwa simjui.

Jitu zima nimejifunza. Kila mmoja na saa yake. Mwili hauna tarehe. Nimeyarudia maneno haya kwa sauti, Mama Mathew akanitazama kwa mapenzi.

Jumatatu, 22 Septemba

Majora yameletwa leo, yamewekwa kwangu kwa sababu kuna nafasi. Ya kijani. Kitambaa kizuri, kinasikia mkasi.

Nimekaa mlangoni asubuhi nikiwaangalia wavulana wa kidato cha tatu wakipita kwenda shuleni. Nimewaangalia kwa makini, nyayo, viganja, mabega. Kwa jinsi ninavyoelewa mambo haya sasa, wale wamefika mwisho. Kabisa. Hata fundi asiye na elimu angeona. Na kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, inchi mbili zilikuwa chache.

Nimeweka nne. Suruali kumi na nane zimeshakatwa, na chai bado haijachemka.