Malalamiko ya Mgonjwa Aliyetoa Jiwe Likaitwa Kijiwe

Kwa Daktari Mkuu wa Hospitali,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimeketi juu ya mito miwili. Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha, mzee sasa, na sitaki kufa na kinyongo. Juzi nilitoa jiwe la figo. Nalalamika ifuatavyo:

1. Nilipozidiwa matembezini nikaletwa kwenu, nesi wako alimpigia simu mke wangu: "Usihofu bibi, babu ana kijiwe tu." Mke wangu anajua kijiwe kimoja: pale wanaume wasio na kazi wanaposhinda wakisengenya. Alifika wodini na mwavuli, tayari kunitoa huko kwa nguvu.

2. Karatasi yenu ya "Mambo ya Kutarajia" inasema mgonjwa "atahisi usumbufu kiasi". Daktari, usumbufu ni nzi. Mimi nilimwita marehemu mama yangu, na nadhani aliitika.

3. Niliagizwa ninywe maji mengi, nitembeetembee, na kila haja ndogo niichuje. Hamkutaja chujio gani. Nilichukua la chai. Mke wa mwanangu hanywi tena chai kwetu.

4. Jiwe lilipotoka nililileta limefungwa kwenye leso. Fundi wa maabara akaikung'uta leso, kisha akaniuliza, "Liko wapi, mzee?" Naomba sakafu ile isifagiliwe.

5. Kwa hiyo sina ushahidi, na hili ndilo linalonimaliza. Nilimwambia mke wangu kwamba maumivu yale yanapita ya uzazi. Yeye amezaa sita. Alinitazama, akasema, "Hongera, mzazi. Sasa mnyonyeshe." Akahamishia mto wake chumba cha wajukuu. Nakohoa makusudi, hakuna anayeuliza kulikoni. Sitaki kufa nikiwa nalala peke yangu.

Basi naomba cheti chenye muhuri, kithibitishe kuwa nilitoa jabali lisilobebeka na mtu mmoja. Aidha, niandikishwe wodi ya wazazi, na itajwe kuwa mama na jabali wanaendelea vizuri.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule fundi wa maabara, ingawa yeye mpe salamu nusu.

Wako mtiifu, ninayeendelea kunywa maji,
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi: Nimempa mke wangu barua hii anisahihishie. Alipofika namba tano akauliza kama maumivu yalianzia ubavuni yakashukia kinenani. Nikasema ndiyo. "Kumbe!" akasema. "Hayo yalinipata siku tunamwoza binti yetu mkubwa. Nilidhani ni maharage." Na siku ile wageni wote walikula wakashiba, akiwapakulia yeye. Amecheka mpaka usingizi ukamchukua, hapa hapa kitandani kwangu. Cheti msilete. Naandika kwa mkono mmoja. Huu mwingine ameulalia.