Mkono wa Mume Wangu Urudishwe Kazini

Olneyville, Providence
Jumatatu, kabla ya Siku ya Hotidogi

Kwa Mpwa wangu Leandros, Mwenye Duka,

Baada ya salamu, mimi shangazi yako sijambo, ila nyumba yangu ina jambo.

Nakuandikia kwa heshima kuhusu ile trei. Tangu marehemu baba yako afungue duka, hotidogi zetu, ile mikate yenye soseji, hupangwa juu ya mkono wa mume wangu Stavros, kuanzia kiganjani hadi karibu na kwapa, kisha zinapakwa haradali, nyama ya kusaga na vitunguu. Wewe umetoka chuo na trei, eti mkono una nywele. Ulitaka uwe na nini, manyoya?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkono uliozoea kazi haukai bure. Juzi aliupangia mayai ya kifungua kinywa. Mayai hayana utulivu wa soseji. Nimepiga deki mara mbili.

2. Kwenye ubatizo wa mapacha wa Kaliope, aliwapokea wote wawili akawalaza mkononi kwa mstari, akamuuliza padri, "Baba, niwatie vitunguu?" Padri alicheka. Kaliope hatusalimii hadi leo.

3. Fundi magari Fitzgerald alipoiona trei alipaza sauti duka zima likasikia: "Stavros, kumbe siku hizi unagawa chakula hospitali!" Mume wangu alirudi nyumbani, hakula. Alikaa dirishani ameunyoosha mkono, anautazama tu. Leandros, niliumia.

4. Keshokutwa ni Siku ya Hotidogi na mtaa mzima utakuja. Naomba trei ibebe vyombo vichafu, mkono urudi mbele ya wateja, uchorwe kwenye kioo cha duka, na siku mkono utakapostaafu ufanyiwe sherehe. Stavros mwenyewe anaweza kualikwa. Ukikataa, nitasimama mlangoni na mwiko, na wewe mwiko wangu unaujua tangu utotoni.

Nisalimie mkeo, watoto, na wote wa jikoni isipokuwa trei.

Ni mimi shangazi yako mwenye uchungu,
Despina

N.B. Keshokutwa nami nitakuja kula. Mbili zangu zitoke kwenye trei, Stavros asione. Mkono ule nimeishi nao miaka yote hii, na najua huwa unakwenda kukuna wapi.