Ushahidi Wangu Dhidi ya Akili ya Silvesta

Doha, Ijumaa, 7 Novemba 2025

Miriam wangu,

Nimeamua kuoa. Usikasirike. Ulisema mwenyewe kule hospitali nisibaki peke yangu, nitaishi kwa mkate na chai. Miaka minne sasa ni mkate na chai. Imetosha.

Ni Winfred. Ndiyo, huyo huyo wetu, ambaye mimi nawe tulisimamia harusi yake na Silvesta kule Kitale. Yuko hapa Doha, anatunza bibi mmoja mgonjwa, mtaa wa Al Sadd. Silvesta naye ni dereva wa familia fulani kule Al Wukair. Waliachana zamani, kama unavyojua, lakini Kanisa bado linawahesabu mume na mke. Na Winfred ni Mkatoliki wa kweli. Haolewi kwa njia za panya.

Leo baada ya misa pale Abu Hamour (huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu) ameniambia habari. Ameiomba mahakama ya Kanisa kule nyumbani itamke kwamba ndoa ile ilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Sababu: Silvesta hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kuoa. Padri Reuben wa hapa amepewa kazi ya kuchukua ushahidi. Anatakiwa mtu aliyemjua bwana harusi.

Nikasema, mimi! Hakuwa hata amemaliza sentensi.

Hajui bado kwamba nataka kumwoa. Nitamwambia akishakuwa huru. Mambo ni mpangilio.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwuliza Mutai, tunayelala naye chumba kimoja na kulinda naye jengo moja, maana ya kukosa uwezo wa kisaikolojia. Akasema, "Mzee, hiyo ni wazimu tu, imevaa tai."

Vizuri. Nimenunua daftari. Kazi yangu ni kuthibitisha kwamba Silvesta ni mwendawazimu. Rahisi! Mtu huyu huvaa soksi na malapa. Mwezi wa Agosti. Doha!

Nimeandika: Moja. Soksi.

Ulikuwa ukiniambia, Laban, fikiria mara mbili. Nimefikiria mara moja. Zamu ilikuwa inaanza.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeenda Al Wukair baada ya kazi, mabasi mawili, kumchunguza mtuhumiwa. Nikajifanya nimekuja kusalimia tu. Nikakuta amepiga pasi hata taulo. Akanipikia ugali na samaki. Akaona kiatu changu kimeachia soli, akakishona bila kuombwa.

Nikamtega. Nikamwambia nimeona jini kwenye maegesho, lina miguu ya ngamia. Mwendawazimu angeshangilia. Yeye akaweka kijiko chini, akaniuliza kwa upole kama nalala vizuri tangu ulipotutoka. Akanishika bega. Nikalia kidogo, Miriam. Kisha nikala sahani ya pili.

Nimeandika: Mbili. Anaongea na paka. (Mimi pia niliongea na paka huyo, lakini si mimi ninayechunguzwa.)

Jumanne, 11 Novemba

Picha! Picha haidanganyi. Mpango: Silvesta apigwe picha akiwa amevaa sufuria kichwani. Mahakama gani itabisha?

Nikamwalika chumbani kwetu, Mutai akiwa tayari na simu. Nikamwambia Silvesta kuna mchezo mpya wa vijana, unavaa sufuria na kuimba. Akasema hauelewi. Nikamwonyesha.

Sufuria ikakataa kutoka.

Silvesta akaleta mafuta ya kupikia, akanipaka masikioni, akawa anazungusha taratibu huku akinibembeleza, "Pole, kaka, pumua, inakuja." Mutai alipiga picha kumi na tisa. Zote zangu. Moja akaituma kwenye kundi la walinzi, anasema kidole kiliteleza.

Jumatano, 12 Novemba

Msimamizi wetu wa kazi, Harun, ameiona picha. Ameniuliza kwa maandishi kama nina akili timamu ya kulinda jengo la ghorofa kumi na nne. Nimepelekwa kliniki. Daktari ameniuliza leo ni siku gani, na nani alinivika sufuria. Nikasema niliivaa mwenyewe, kwa ajili ya Kanisa. Akaandika kwa muda mrefu.

Nimethibitishwa kuwa timamu. Kwa mwezi mmoja.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimetoa ushahidi. Padri Reuben alisoma daftari langu lote, kurasa kumi na moja, kisha akavua miwani na kujikanda macho.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Si habari ya wazimu, akasema. Wala si habari ya leo. Leo Silvesta anaweza kuwa mtu mzima kuliko sisi wote. Swali ni siku ile ya harusi. Je, alielewa anachoahidi? Aliweza kuamua mwenyewe? Aliweza kuubeba huo mzigo? "Wewe ulikuwa msimamizi wake, Laban. Niambie asubuhi ile."

Nikasikia baridi, na kiyoyozi chake kimeharibika.

Unakumbuka, Miriam. Ulikuwa unanibana ua kifuani kwa pini iliyopinda, ukanichoma. Silvesta aliniomba simu kule sakristia, chumba cha padri kuvalia, zikiwa zimebaki dakika kumi. Mtu wa miaka thelathini na moja! Akampigia mama yake, aliyekuwa ameketi benchi la mbele, kumwuliza kama aoe. Tukamsikia mama kwenye simu na kupitia ukutani pia: "Oa tu, mwanangu, chakula kimeshaiva."

Akafuta machozi. Akaniuliza kama usiku ule atalazimika kulala kwa Winfred au anaweza kurudi nyumbani. Wewe ukaninong'oneza, Laban, mwambie padri. Mimi nikasema kamati ya harusi imehangaika miezi saba, mahema yamesimama, kwaya ya mjini imeshuka kwenye gari. Nikamshika kiwiko, nikampeleka altareni. Wiki tatu baadaye alirudi kwa mama yake na begi la nguo chafu.

Nikisema, Winfred anapata uhuru. Nikisema, Winfred anajua kwamba nilijua.

Niliomba maji. Glasi tatu. Kisha nikasema yote, nikatia sahihi. Padri akanirudishia daftari. Akasema hili halitahitajika, ila nimwambie Winfred mwenyewe kabla hajayasoma kwenye karatasi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia, nje ya kanisa, watu wakipita na watoto wao.

Alihamishia mkoba bega la pili. Kisha akasema, "Shemeji, ulijua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wiki tatu nilimpikia yule mtu. Miaka kumi na moja nimejiuliza nilikosea nini. Nilidhani ni chumvi."

Kimya kikawa kirefu. Mimi sipendi kimya. Nikakijaza. Nikamposa.

Hapo hapo, Miriam! Mdomo ulienda wenyewe.

Aliniangalia kama anayesoma lebo ya dawa iliyopita muda. Akaniuliza kama jambo hilo nimelifikiria mwenyewe au kuna niliyemwuliza. Nikasema nimekuandikia wewe. Akauliza umesemaje. Nikasema bado hujajibu.

"Wewe na Silvesta," akasema, "ndio mliofaa kuoana." Akapanda basi.

Jumatatu, 17 Novemba

Padri anasema Silvesta naye amehojiwa, ameeleza kisa kile kile cha simu, bila kuficha, na kumwomba Winfred msamaha. Faili limetumwa Kenya. Padri hawezi kuahidi hukumu, lakini anaona lina nguvu.

Winfred amenitumia ujumbe. Ananishukuru kwa kusema ukweli, hata kama umechelewa miaka kumi na moja. Ananiomba nisimpigie simu mpaka Pasaka. Haolewi na mtu, anataka kupumzika.

Pasaka! Umeona? Asiyekutaka hakupi tarehe.

Nimeunda kamati. Mimi mwenyekiti, Mutai katibu. Kikao cha kwanza kimefanyika leo kitandani kwake, tumejadili mahema. Mutai akauliza kama bibi harusi ana habari. Nimemwambia aandike kwenye kumbukumbu kwamba suala hilo litashughulikiwa na kamati ndogo.

Bado nauacha upande wako wa mto bila kuulalia. Huko uliko, Miriam, unikumbuke.