Matabishi ya Upande Mumoja

Leo nimeaibika. Na si aibu ya kujificha, hapana. Aibu ya mbele ya wakwe, wamekaa, wanakunywa soda, wananiangalia.

Leo ilikuwa siku ya familia ya Patrice kuja kubisha hodi kwetu. (Kwa wale wapya kwenye hii grupu: Patrice njo muchumba wangu, yule mwalimu asiyechekacheka. Musiniulize nilimupendea nini, si njo habari ya leo.) Wazee wake wametoka Moba kwa boti pamoja na shangazi yake, Mama Marcelina, na kesho boti inawarudisha. Kwa hiyo leo ilikuwa leo. Wakinikubali, wanapanga siku ya mahari. Wakinikataa, kule Moba kuna binti ambaye Mama Marcelina amemuweka tayari tangu zamani, binti anayejua kukausha samaki na kunyamaza. Kukausha samaki najua. Kunyamaza, nyinyi wenyewe munanijua.

Basi asubuhi nikakimbia kwa salo ya Yaya Bea, dada mukubwa wa wote, kusuka rasta. Nilitaka nionekane muntu. Nilitaka Mama Marcelina aniangalie, amusahau yule wa Moba na samaki wake.

Sasa muelewe kazi ya pale inavyokwenda. Rasta za muntu mumoja wanasuka wasichana wawili. Wanakupasua njia katikati ya kichwa, Neema anachukua kushoto, Safi anachukua kulia, na hakuna anayevuka njia. Hata nywele moja. Ni mapatano yao, waliwahi kugombana juu ya hilo. Ukimaliza, unatoa matabishi, ile pesa kidogo ya asante, unayaweka pale chini ya kioo mbele ya wote wawili, unasema "munywe chai," wanagawana. Kila mwanamuke wa Kalemie anajua hivyo. Mimi pia nilijua! Nimesuka pale tangu niko na meno ya utoto!

Lakini leo shetani wa ujanja alinipanda.

Tulikuwa hatujafika mbali, jua limeanza kupiga bati, Neema akainama kwa sikio langu la kushoto.

"Yaya, leo joto. Vidole vinakauka."

(Vidole vinakauka! Nani amewahi kuona kidole kimekauka? Lakini nilielewa.)

Nikapiga hesabu zangu za kipumbavu. Nikajisemea: nikimupa Neema sasa hivi, atakimbia. Safi ataona mwenzake anakimbia, naye ataona wivu, atakimbia. Muchana nitakuwa nyumbani napaka mafuta. Nikachomoa noti, nikaisukuma polepole kwa mufuko wa blauzi ya Neema. Kimya. Uso mbele. Hata kope sikupepesa.

Uso mbele, ndiyo. Na mbele kulikuwa na kioo. Kioo cha ukuta muzima.

Nikainua macho, nikakutana na macho ya Safi ndani ya kioo. Akaweka kitana chini. Akapiga mwayo murefu, ule wa kuonesha hadi kilimi. Akatoka kununua karanga.

Karanga zinauzwa pale mulangoni, ndugu zangu. Safi alizifuata kama zinauzwa Manono. Aliporudi akazila moja moja. Akasuka rasta moja. Akapokea simu. Akasuka nusu ya nyingine, akaifumua, eti haikunyooka. Neema huku kushoto anapiga kazi ya moto, vidole vyote vimerudi kwenye maji! Muchana ulipofika, kushoto kumekwisha: rasta nyembamba, zinateleza, zinafika kifuani, zimechovywa maji ya moto. Malaika. Kulia: rasta chache nyuma ya sikio, na huko juu kichaka.

"Neema, mudogo wangu, saidia huku."

"Aka! Huko kwa Safi? Yaya, mimi sivuki njia."

Nikaona nitengeneze. Nikaingiza mukono kwa pochi. Humo nilikuwa na noti ya mwisho ya faranga, nimeiweka ya kulipa moto, ile pikipiki ya kunirudisha nyumbani, na dola moja. Sasa hiyo dola... (musinihukumu)... hiyo dola ilikuwa na pasuko kwenye pembe. Kidogo! Kama ukucha wa mutoto! Lakini munajua hapa kwetu dola ikipasuka hata kidogo ni karatasi. Nimeizungusha soko muzima, hakuna aliyeipokea. Nikasema labda leo imepata mwenyewe. Nikamupa Safi kwa mikono miwili, kwa heshima, kidole gumba nimekiweka juu ya ile pembe.

Safi akaondoa kidole changu. Akaipeleka dirishani, akaiangalia kwa jua, mbele, nyuma.

"Yaya, imepasuka."

"Kidogo tu!"

"Sawa. Na mimi nimekusuka kidogo tu."

Salo yote ikapasuka kwa kicheko. Hata mama mumoja aliyekuwa ndani ya kasiki ya kukausha nywele, ambaye hasikii kitu, alicheka. Safi akanirudishia dola yangu, akavaa viatu, akachukua karanga zake, akaenda kwao. Kwaheri hakuniambia.

Nikabaki na tumaini moja: Yaya Bea mwenyewe. Yaya Bea njo mwenye salo, na mikono yake inajulikana hadi ng'ambo ya daraja ya Lukuga. Siku hizi hasuki, anakaa kwa kiti chake anaangalia. Lakini huyu mama ananipenda. Nilimuona kabisa anafunga kitambaa kiunoni, anakunja mikono ya nguo, anakuja kunisaidia. Anakuja, jamani! Ningekaa kimya tu! Ningekaa kimya, saa hii ningekuwa na kichwa kizima!

Nikaruka kwa kiti, nikamushika mukono, nikamubandika ile noti ya moto katikati ya kiganja.

"Yaya, unywe ka-Fanta."

Yaya Bea akasimama. Akaangalia kiganja. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena kiganja.

"Mimi?"

"Ni kidogo tu, Yaya, ya asante."

"Mimi, mwenye nyumba? Mimi njo nakupaka mafuta ya bure, mimi njo nakuongezea shanga kwa nywele. Mwenye salo anapewa matabishi na muteja wake tangu lini? Neema, uliona wapi?"

Neema akasema hajaona. (Neema! Na noti yangu kwa mufuko!)

"Nilikuwa nakuja kukusuka kama mutoto wangu," Yaya Bea akasema, anafungua kitambaa kiunoni. "Sasa nikigusa hicho kichwa, kesho muji wote utasema Bea aliinuka kwa kiti sababu ya Fanta. Nenda, mutoto. Safi atakuwa amepoa kesho."

Kesho! Nilimwambia niko na wakwe leo. Akasema ameelewa, na kwamba Mungu ni mukubwa. Ile noti akaiweka juu ya meza, hataki kuishika. Na mimi kuichukua tena, kiburi kikakataa. Nikafunga kichwa na kitenge, nikatoka kwa miguu, kwenye jua, na upande mumoja wa kichwa umevimba, upande mwingine umelala. Watu wa moto wananipigia honi, "Mama, twende?" Twende na nini?

Nikafika nyumbani nimelowa jasho. Wageni wamekwisha kukaa barazani. Patrice kwenye kona, shati nyeupe, haniangalii. Mama yangu akaniona, akaelewa, akafumba macho. Nikapiga magoti, nikasalimia vizuri, nikakaa kwa mukeka. Nikasema moyoni: kitenge hiki hakitoki, hata nyumba ishike moto.

Mama Marcelina ni mwanamuke munene, anaongea polepole, na macho yake hayana haraka.

"Binti yetu ni muzuri," akasema. "Atoe kitambaa tumuone."

Mama yangu akaruka: "Kichwa kinamuuma! Malaria! Tangu jana!"

"Pole. Basi atoe, apate hewa."

"Ile malaria yake haipendi hewa," Mama akasema. (Mama yangu, jamani. Amesomea uuguzi.)

"Mama," Mama Marcelina akasema, na sasa uso hauna muzaha, "sisi tumepanda boti usiku kucha. Kwetu Moba hatupelekewi samaki ndani ya gunia lililofungwa."

Papa, baba yangu, akanionesha kwa kidevu: toa. Nikatoa.

Ndugu zangu. Nilisikia soda zinachemka ndani ya chupa. Kushoto rasta zikashuka hadi kifuani, malaika. Kulia kichaka kikasimama kwa furaha ya kuachiliwa. Patrice akafungua mudomo. Muzee wao, musemaji wa familia, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba," akamwambia Papa kwa heshima yote, "sisi tulikuja kuomba binti muzima. Tunaona leo munatupatia nusu. Hatukatai. Lakini na mahari itakuwa nusu."

Nilitamani ardhi inimeze. Machozi yakaja, ya kweli. Nikamuona yule binti wa Moba anakausha samaki wa harusi yangu.

Papa yangu, muntu ambaye hajafanya muzaha tangu nizaliwe, akakohoa.

"Sawa, muzee. Muchague upande. Huu wa rasta njo unaimba kwaya. Ule wa kichaka njo unapika."

Halafu Mama Marcelina akacheka. Alicheka hadi mukeka ukatikisika, hadi akashika muguu wa kiti, hadi musemaji akamupa kitambaa cha machozi.

"Njoo hapa," akaniambia. "Kaa chini. Na useme kweli, nani amekufanyia hivi?"

Nikakaa katikati ya magoti yake, nikasema yote. Neema, kioo, dola, Fanta. Kila nikitaja jina jipya wazee wanapiga makofi. Na yeye, huku anacheka, akamutuma Patrice kununua mechi, zile nywele za kuongezea, akakunja mikono, akanisuka upande wa kulia mwenyewe, hapo hapo barazani, mbele ya majirani wote waliopata ghafla haja ya kuazima chumvi kwetu.

"Huyu hajui kuficha kitu," akawaambia wazee wake. "Hata akijaribu, anashindwa. Mimi namutaka. Yule mwingine ananyamaza sana, sijui anawaza nini."

Wamenikubali! Mungu asifiwe, siku ya mahari imepangwa, watarudi na boti baada ya mavuno! Nimelia, Mama amelia, Patrice amecheka kwa mara ya kwanza hadharani, iko na mashahidi.

Lakini subirini. Mama Marcelina anasuka kwa mutindo wa bibi zake, na alikuwa haoni vizuri sababu giza lilikuwa linaingia. Rasta zake ni nene kama kamba za kufungia boti, zinasimama pembeni, na ziko chache, naweza kuzitaja majina. Kushoto malaika, kulia bandari. Nilipofika kwa kioo nilikaa chini.

Na nikasema polepole, "Kesho nitapita kwa Safi azilinganishe." Mama Marcelina akasikia. Akanishika kidevu, kwa upendo kabisa.

"Mutoto wangu, usifumue. Siku ya mahari nataka nikute mikono yangu kwa kichwa chako."

Nani atakataa? Wewe ungekataa? Mavuno bado, mahindi ndiyo kwanza yanaota!

Kesho misa ya pili niko mustari wa mbele wa kwaya. Nawaomba kwa jina la ubatizo wetu: muangalie altare.