Vitenzi Visaidizi na Koti Lililoungua

Kwa Mama Bosi, mwenye duka la dobi na mwalimu wetu wa Kiingereza kila asubuhi,

Salamu za heshima.

Ninayeandika ni mimi, fundi wako wa pasi, ambaye Kiingereza chake ni kirefu mpaka mteja mmoja aliondoka na nguo mbichi kabla sentensi haijafika mwisho. Kwa hiyo siandiki kwa wivu. Naomba vitenzi visaidizi vipigwe marufuku dukani, kwa sababu hizi:

1. Ulituagiza tufupishe majibu kwa kuwa wateja wana haraka. Sawa. Mteja akiuliza kama nimemaliza suruali zake, "Yes" inatosha, suruali si anaziona? Wewe unataka "Yes, I have." Nikiteleza nikasema "Yes, I do," unanipeleka kwenye beseni kufua soksi. Mama, soksi za watu zimenikosea nini?

2. Msaidizi kazi yake ni kusaidia. Hawa wa kwako wana masharti kuliko mkwe: huyu hagusi mambo ya jana, yule hakai na watu wengi. Msaidizi wa hivyo mimi ningemfukuza kabla ya chai.

3. Hili ndilo linaloniuma. Juzi koti jeupe la bwana harusi lilipoungua mgongoni, alama ya pasi imekaa kama muhuri, uliuliza kwa Kiingereza nani aliyeiacha pasi pale. Nikajibu upesi, "Kimya was," yaani yule mwenzangu wa beseni asiyesema sana. Ukashika kichwa. Hukukishika kwa ajili ya koti, ulikishika kwa ajili ya "was". Ukaandika "Kimya did" kwenye ubao wa bei, ukatuimbisha mara tatu, na Kimya mwenyewe akaimba, maana ni mtiifu. Baada ya wimbo ule nani angebisha? Ukamwambia, "Mwanangu, chukua kofia yako uende nyumbani." Akaenda.

4. Sentensi yangu ilipokuwa mbovu haikumdhuru mtu. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Basi Kimya arudi, kitenzi ndicho kiende nyumbani.

Nisalimie Baba na watoto, na yule mteja wa nguo mbichi ukimwona.

Wako ndani ya mvuke,
Fundi Pasi

N.B. Kimya alikuwa uani akianika mashuka. Mimi nilikuwa mlangoni, namwonyesha binti wa duka la vitabu Kiingereza changu, na pasi nimeiacha inakula koti. Swali lako bado nalikumbuka. Jibu lake ni "I did." Naomba lile la ubaoni lifutwe, tuimbe hili mara tatu, Kimya akiwepo.