Nungunungu Hayumo Kitabuni

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika ili ukweli uwepo mahali. Mtaani kila mtu anaisimulia habari ya maktaba, na kila mtu anaiharibu. Muuza magazeti anasema nilirusha kiti. Kinyozi anasema nilimkaba shemeji koo. Kinyozi mwenyewe hakuwepo. Na kiti sikukirusha. Nilikikalia kwa hasira, kikavunjika chenyewe.

Ilikuwa hivi. Jumamosi, chumba cha watoto, maktaba. Mkutubi kapata kabati jipya la kioo. Anataka kuweka humo vinyago vidogo vya wanyama wa kile kitabu cha watoto cha zamani, cha Malkia Chura ambaye kisima chake kimekauka, wanyama wakambeba ndani ya sufuria kumtafutia kisima kingine. Aliyewahi kuwa mtoto hapa anakijua. Wachongaji wa vinyago hivyo mji mzima ni wawili. Wa kwanza mimi, mpiga lipu mstaafu, mkono ambao haujazaliwa mwingine. Wa pili shemeji, ndugu mdogo wa marehemu mke wangu, fundi wa meno bandia. Vyangu ni waya na jasi. Vyake ni nta na plasta ya meno. Fisi wake ana meno kamili, mazuri kuliko yangu na yake tukiyachanga.

Mkutubi akaweka kitabu mezani, akaanza kulinganisha kimoja kimoja. Twiga, yumo. Sungura karani, yumo. Fisi mlinzi, yumo. Akafika kwa Nungunungu wangu, bibi mwenye taa anayetangulia msafara. Akafunua kurasa zote, mbele na nyuma. Akasema, kwa upole, kwamba huyu hayumo kitabuni.

Hapo ndipo kiti.

Hukumu: Jumamosi ijayo kila mtu alete kundi lake la mwisho. Waliomo kitabuni tu, maana watoto watakuja na kitabu mkononi. Kundi moja litaingia kwenye kioo. Jingine linarudi kwa mwenyewe.

Wengine siwajali. Twiga arudi, fisi arudi. Nungunungu lazima aingie. Nina miaka sabini na sita. Binti yangu ninayeishi naye ni mtu msafi kupita kiasi. Siku nikiondoka atafagia chumba hiki, na wa kwanza kwenda na taka ni Nungunungu, maana hazidi kidole gumba. Nyuma ya kioo hafagiliwi mtu.

Jumanne, 10 Septemba

Mpango wa kwanza. Safi kabisa. Kuna ukurasa umechanika! Nungunungu alikuwa kwenye ukurasa huo. Nani atabisha?

Nikaenda kwa shemeji. Kitabu ni chake, mkutubi alikiazima Jumamosi tu, akakirudisha. Nikamkuta kwenye kibanda chake cha kazi, meno ya mtu mezani yanamcheka. Nikamweleza kwa masikitiko. Hakubisha. Akafuta mikono, akakichukua kitabu rafuni, akanipa, akaniambia nihesabu namba za kurasa mwenyewe.

Namba nazijua. Herufi pia nazijua, nilijifunza uzeeni, darasa la watu wazima, baada ya kufiwa. Nikahesabu. Moja mpaka arobaini na nane, hakuna iliyokosekana.

Nikasema huo uliochanika haukuwa na namba.

Shemeji akakirudisha kitabu rafuni. Akauliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akanimiminia. Mtu mbaya sana yule, huwezi hata kugombana naye.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kitu. Picha ya ukurasa wa thelathini, pembeni ya njia wanayopita wanyama, kuna kichuguu. Kichuguu kimo kitabuni!

Jumatano, 11 Septemba

Mpango wa pili. Huu nitasimuliwa nao nikiwa sipo.

Nungunungu ataingia kwenye kioo akiwa ndani ya kichuguu. Namzungushia lipu, nachonga vishimo vya mchwa, napaka rangi ya udongo. Mkutubi analinganisha, kichuguu kipo, anapitisha. Baada ya wiki mbili tatu lipu inadondoka yenyewe. Asubuhi moja mkutubi anafungua maktaba, anamkuta bibi kasimama na taa yake, vumbi miguuni. Watoto wameshamwona. Nani atamtoa?

Siri iko kwenye mchanganyiko. Sementi kijiko kimoja, mchanga kumi, na usimwagilie maji. Lipu ya hivyo haimalizi mwezi. Nimeona mafundi wengine wakiipiga kwenye nyumba za watu na kukimbia. Mimi sijawahi. Miaka hamsini na moja, ukuta wangu haujadondosha hata punje. Kuna jengo walishindwa kulibomoa, wakahama wao.

Leo kwa mara ya kwanza nikachanganya lipu mbovu kwa makusudi. Nimempaka kwanza Nungunungu mafuta ili isimshike. Nikachukua mwiko mdogo.

Mkono ukakataa. Lipu ile ilikuwa inaniaibisha. Inamwagika kama uji. Binti yangu akapita, akachungulia sinia, akauliza kama hiyo ni yangu kweli. Nikaongeza kijiko cha sementi. Kimoja tu. Halafu kingine, ili cha kwanza kisiwe peke yake.

Kichuguu kimekaa vizuri. Ukubwa wa kikombe kilichofunikwa. Ukikiona utatafuta mchwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeamka, nimenawa, nimemwagilia kichuguu maji. Nimekunywa chai. Mchana nimemwagilia tena. Alasiri pia.

Ndiyo. Nimejiona mwenyewe, kikombe mkononi, alasiri ile ya mwisho. Lipu ukishapiga unamwagilia ishike. Hiyo si akili, ni mkono. Mkono haukuulizwa kuhusu mpango.

Nimegonga kwa kucha. Imelia kama jiwe.

Nimegonga kwa kijiko. Kijiko kimepinda.

Binti yangu kauliza ninatafuta nini ndani ya kichuguu. Nikamwambia mchwa. Akasema, "Baba, yule bibi mwenye taa yuko wapi? Sijamwona kwenye dirisha tangu jana."

Kwa hiyo alikuwa anamwona. Siku zote anafagia kumzunguka, mimi nadhani hamjui.

Nimechukua patasi na nyundo, nimeviweka chini. Nikipiga kwa nguvu inapasuka, na yeye anapasuka humo humo. Nikipiga taratibu haisikii. Ukuta wangu bora maishani, nimeujenga juu yake.

Leo sina la kujisifia.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kwa shemeji na kichuguu ndani ya mfuko. Njia nzima nilitunga uongo. Nilipofika nikawa nimechoka nao. Nikakiweka mezani kati ya meno ya watu, nikamwambia yuko humo.

Hakucheka. Nilijiandaa acheke, nilikuwa na maneno yangu tayari, yote yameharibika. Akakigeuza, akagonga kwa kucha. Akauliza nani kapiga lipu hii. Nikasema mimi. Akasema ndiyo, inaonekana.

Akavaa miwani. Akachukua kile kimashine chake cha kusagia meno, kinacholia kama nzi. Akanipa brashi nifagie vumbi. Tumekaa saa tatu. Shemeji hana haraka, amezoea kufanya kazi kwenye mdomo wa mtu anayeogopa. Lipu ikatoka tabaka kwa tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Mara ya kwanza naona mtu anaubomoa ukuta wangu, na nilikuwa namshangilia kimoyomoyo.

Mguu ukatokea. Halafu bega. Bega la kushoto nilimchongea limeshuka kidogo, kama la mtu aliyebeba ndoo za maji upande mmoja maisha yake yote. Halafu kichwa.

Shemeji akazima mashine.

"Shemeji," akasema, "huyu ni dada."

Nikasema ni nungunungu.

"Ni dada. Ana miba, sawa. Hata dada alikuwa nayo. Lakini ni dada."

Basi nikamweleza. Mwaka ule wa mwisho, alasiri, kile chumba cha upande wa jikoni. Mama watoto alikuwa hawezi tena kushika kitu. Yeye ndiye aliyewasomea watoto wetu wote kitabu hiki, na kabla yao akamsomea shemeji mwenyewe alipokuwa mdogo. Siku moja akaniomba nimsomee. Mimi herufi sikuzijua wakati ule. Hata A ningeipita njiani bila salamu. Lakini mtu kaomba. Nikamwambia shemeji nilichukua kitabu hiki hiki, nikakaa kitandani, nikasoma. Nilisema niliyoyakumbuka kutoka kwake. Nikafika pale wanyama wameingia kwenye msitu wenye giza na sufuria lao, nikasahau wanatokaje. Nimekwama. Yeye anasubiri. Nikasema, akatokea bibi Nungunungu na taa.

Wakatoka msituni. Kesho yake akaniuliza Nungunungu amefika wapi. Kesho kutwa vilevile. Mwezi mzima Malkia Chura hakufika kisimani, tulikuwa tunatembea na Nungunungu.

Na siku moja, nikamwambia shemeji, akanishika mkono, akasema, "Baba watoto, unasoma vizuri kuliko mimi."

Shemeji akaangalia rafuni, kilipo kitabu. Akaniangalia mimi. Akapuliza vumbi, akawasha mashine.

Tumemtoa mzima. Miba ya upande mmoja imeng'oka yote, na taa imevunjika. Shemeji akasema nimwache kwake mpaka kesho, gundi ikauke. Nikamwacha. Nyumbani dirishani ni patupu. Binti yangu amefagia, kisha akaliacha duara lile lile la vumbi aliposimama bibi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeshindwa.

Naandika mapema nimalize. Mkutubi ametazama kundi langu, ametazama la shemeji. Sungura wangu karani alivunjika sikio moja kwenye mfuko. Wa shemeji ana kalamu unayoweza kuiona wino. Mkutubi akasema kazi yangu ina roho. Nikajua hapo hapo. Ukiambiwa kazi ina roho, mwenzako ndiye aliyepita.

Akaanza kupanga vya shemeji kwenye kioo, kwa mpangilio wa kitabu. Sufuria katikati. Malkia Chura kachomoza macho. Twiga, fisi, sungura. Alipotaka kufunga, shemeji akamwomba asubiri. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa Nungunungu. Miba imerudi. Taa imerudi, na ndani ya taa kaweka kijipande cha nta ya njano, mimi sikuwahi kufikiria hilo.

Akamweka mbele ya wote.

Mkutubi akasema wameshazungumza, huyu hayumo. Shemeji akajibu kwa sauti ile ile anayowaambia wateja wafunge mdomo taratibu. Alisema kitabu hiki ni chake, alisomewa na dada yake mpaka akakishika kichwani, na dada yake alipokisoma, Nungunungu alikuwemo.

Uongo mtupu. Mtu wa heshima kama yule. Wala hakupepesa macho.

Mkutubi akavuta droo ya meza. Akachukua kadi ndogo, akaandika, akaiweka miguuni pa Nungunungu, akafunga kioo kwa ufunguo. Niliisoma mwenyewe bila kusaidiwa, herufi zote. "Huyu hayumo kitabuni. Aliongezwa na waliokisoma."

Msichana mmoja mdogo akaja na mama yake, akabandika pua kwenye kioo. Akauliza yule anayewaonyesha njia ni nani. Mama akasema hajui, asome kadi.

Nikatoka nje nikapumzike kidogo. Vumbi lilikuwa jingi mle ndani.

Jumapili, 15 Septemba

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya. Mkutubi kafanya kosa kubwa. Ameandika kwa mkono wake kwamba wasomaji wanaweza kuongeza! Mlango umeachwa wazi. Shemeji ana wanyama kumi na wawili humo, mimi nina mmoja. Hiyo haiwezekani.

Tangu asubuhi nachonga Kobe mpanda baiskeli. Alikuwemo, nitasema, upande wa nyuma wa kisima. Ili asishtukiwe mapema ataingia akiwa jiwe. Ukurasa wa thelathini na tatu una mawe mengi tu. Sementi kijiko kimoja, mchanga kumi. Safari hii simwagilii.

Binti yangu kauliza mbona nimesimama na kikombe cha maji juu ya jiwe. Nimemwambia nina kiu. Nimekunywa mbele yake.

Halafu, kwa kuwa nilisema naandika ukweli. Kuna kitu kimoja nimekipamba, na nilimpambia hata shemeji juzi. Kitabu sikuwa nacho. Kilikuwa kwa shemeji tangu watoto wakue, hakikutoka kibandani kwake miaka yote ile, na yeye anajua hivyo vizuri. Nilichokaa nacho kitandani ni kijitabu cha maelekezo ya cherehani ya binti yangu. Nilikifunika gazeti. Kwa hiyo hakusema ninasoma vizuri kuliko yeye. Alilisukuma gazeti kwa kidole, akatazama, akalirudisha mahali pake.

"Baba watoto," akasema, "hiki ni cha cherehani. Soma tu."